Kibao Chekundu Mfukoni mwa Siwema

Siwema analala saa saba na dakika kumi za mchana, juu ya kigodoro cha sponji katika chumba cha kupumzikia chini ya mnara wa kuongozea ndege, na kibao chekundu kimo mfukoni mwa sweta yake. Mwenyewe hajui kwamba kimo. Tunajua sisi, na hatuna la kufanya ila kumtazama anavyovua viatu na kuvipanga chini ya dirisha, kisigino kwa kisigino, anavyofunika bakuli la wali na maharage alilolifikisha nusu, anavyojilaza ubavu, na kile kibao kinamchoma kidogo kwenye nyonga, naye anajisogeza bila kutafuta kinachomchoma. Yuko macho tangu saa tisa na nusu usiku, mtoto wake anaota meno, na zamu ya asubuhi haijali meno ya mtoto wa mtu.

Kibao chenyewe ukikiona hukiokoti. Ni kipande cha mninga, urefu wa kidole cha kati, upana wa vidole viwili, kimepakwa rangi nyekundu ya mafuta. Alikichonga Mzee Mbaruku mwaka alioanza kazi ya kukagua barabara ya ndege, ile ya lami ndefu ambapo ndege zinaruka na kutua. Gari lake la manjano likiingia barabarani, kuokota jiwe, au kipande cha tairi, au ndege wa porini aliyekufa, mwongoza ndege aliye juu mnarani anakichukua kibao na kukilaza mezani, pale ilipochorwa barabara, kati ya vikaratasi vyenye majina ya ndege zinazokuja. Kikiwa pale, hakuna rubani anayeruhusiwa kutua. Na zamu zikibadilishana, watu wa mnara ule wana desturi yao: anayetoka anakitia kibao kwenye kiganja cha anayeingia na kumwambia, barabara ina mtu. Anayeingia anakifumbata kwanza, ndipo anakirudisha mezani. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo, na wakaguzi wakija huwa wanacheka.

Leo Mzee Mbaruku ameomba kuingia kuokota mwewe aliyekufa mwisho wa mashariki. Siwema amemruhusu, amenyanyua kibao, na kabla hakijagusa meza simu ya watu wa hali ya hewa imelia. Bega limeshika simu, mkono wa kulia unaandika upepo, wa kushoto unatakiwa kuzuia karatasi isipeperuke, basi kibao kimeingia mfukoni, kwa dakika moja tu, ili mkono upate nafasi. Hapo hapo ndipo Lugano, mwongoza ndege mwenzake, amepanda kupokea zamu ili yeye apumzike, na mdomo wake haujui kunyamaza. Amemwambia, dada Siwema, macho yamekuwa kama ya samaki wa juzi, shuka ukalale kabla hujaziongoza ndege mpaka sokoni. Siwema amecheka, amemsomea upepo, amemsomea vikaratasi viwili: ndege kubwa ya abiria sitini na wawili inayotokea mashariki, na ndege ndogo ya madaktari inayozunguka kusini ikingoja kubwa itue kwanza. Lugano ametazama pale ilipochorwa barabara, pako peupe. Kiganja chake hakikutiwa kitu. Kwa Lugano, barabara haina mtu. Na huko mwisho wa mashariki hakuonekani kutoka mnarani saa za mchana, kwa sababu barabara ile ina nundu katikati, na joto linaichezesha lami kama maji. Mzee Mbaruku yuko ng'ambo ya nundu, ameinama, amevaa vifuniko vyake vya masikio kama siku zote, na redio yake ya mkononi imekwisha chaji.

Basi usingizi unamchukua Siwema, na jambo la kwanza anadhani ameamka. Anaona amefungua mlango, anapanda ngazi kurudi kazini. Ngazi za mnara ni hamsini na mbili, anazihesabu miaka sita sasa, hazijawahi kupungua wala kuongezeka, na leo anafika ya hamsini na mbili na mlango haupo, ipo ya hamsini na tatu. Anapanda. Ipo ya hamsini na nne. Anaendelea kupanda kwa sababu mtu akishazoea kupanda haoni sababu ya kuacha, na kadiri anavyopanda ngazi zinazidi kulala, zinalala kama mtu anayechoka, mpaka zimekuwa bapa, nyeusi, zina mistari myeupe, na Siwema anajikuta anatembea juu ya barabara ya ndege isiyo na mwisho. Anatembea peku na lami haimuunguzi. Barabara inagawanyika mara mbili, kila mkono unagawanyika tena, na kila njia imeandikwa namba kubwa kwa chokaa, namba ile ile, na kila akigeuka nyuma anakuta njia aliyopita imehamia mbele yake. Pembeni kuna mtu amekaa juu ya taa ya barabarani kama anayekaa juu ya kigoda. Amevaa visikilizio vya mnarani kichwani, lakini uso hana, mahali pa uso pamelainika kama kiganja cha mtoto mchanga. Siwema amelelewa, anamwamkia hata huyo. Shikamoo. Na sauti inatokea kwenye visikilizio, marahaba, mwenye mzigo. Siwema anasema mimi sina mzigo, nimechelewa kazini tu, naomba unielekeze mnara uko wapi. Yule anamjibu, mnara uko pale utakapoacha kupanda. Siwema anauliza, na barabara hii ni ya nani? Anajibiwa, ni ya yule aliyeipa mgongo.

Hajamaliza kuyafikiri maneno hayo, anasikia sauti ya rubani kutoka juu, imepoa, imechoka, sauti ya mtu anayetaka kufika nyumbani kwake. Mnara, tuko maili kumi, barabara ni tupu? Na mdomo wa Siwema, uliozoea, unajibu wenyewe, tupu. Papo hapo mfuko wa kushoto wa sweta unakuwa mzito kama umetiwa dumu la maji. Anayumba. Haangalii mfukoni. Anaangalia mawingu, na mawingu yanapasuka, ndege kubwa inashuka na magurudumu yake nje, inashuka mpaka kimo cha paa la nyumba, halafu inashtuka kama farasi aliyeona nyoka, inanguruma, inainua pua na kupanda tena, na ikipita juu ya kichwa chake anawaona abiria madirishani mmoja mmoja, mama ananyonyesha, mzee ameshika kofia yake mapajani, kijana amelala mdomo wazi. Wanamtazama wale walio macho, si kwa hasira, wanamtazama kama watu wanaotazama saa. Siwema anamuuliza asiye na uso, kwa nini haikutua? Anajibiwa, imeona ambalo wewe umelikalia.

Anakaza mwendo, na njia inamwingiza katika mji. Nyumba zote za mji ule ni za vioo, na vioo vimeinamia nje kama vya mnarani, kwa hiyo kila dirisha lina Siwema anayekuja na Siwema anayekwenda, na mbingu iko chini, miguuni, kama kwenye dimbwi baada ya mvua. Katika kioo cha nyumba moja anaiona ndege kubwa. Katika kioo cha nyumba ya pili anaiona ile ndogo ya madaktari, nyeupe, mbawa zake fupi. Nyumba hizo mbili zimeungana pembeni, na ndege mbili zinakuja kwenye ile pembe, pua kwa pua, pole pole, hazina mlio, na Siwema anajua zikifika pembeni hakutakuwa na kioo cha tatu cha kukimbilia. Watu wa mji wamepanga foleni barabarani, wamekuja kupokea wageni, mmoja ana mwavuli, mmoja ana tikiti maji kifuani, mwanamke wa khanga ya njano na nyeusi ameshika karatasi ya jina na karatasi haina jina. Nyuso hawana. Siwema anamuuliza yule wa khanga, dada, mnamngoja nani? Anajibiwa, tunawangoja ambao wewe ndiye utakayesema kama wanafika. Na mwenye tikiti anadakia, anamwambia mwenzie kwa sauti ya kusikiwa, huyu ndiye yule aliyekula wali kivulini na kujilaza, na mwenzie yuko juani. Foleni nzima inacheka, na kwa kuwa hawana midomo wanachekea mabegani, mabega yanapanda na kushuka mji mzima, na vioo navyo vinacheka. Siwema anataka kuwajibu kwamba ameamka tangu saa tisa na nusu, kwamba ana mtoto, kwamba mapumziko yale ni haki yake, na yote ni kweli, lakini sauti ya juu inamtangulia. Mnara, tuko maili sita, barabara ni tupu? Anataka kusema ngoja. Anaisikia ngoja imeshafika kwenye ulimi. Kinachotoka ni tupu. Na mfuko unamshusha, sasa umekuwa gunia la unga, unamvuta ubavu wa kushoto mpaka goti linagusa mbingu iliyo chini, na mbingu ni ya baridi.

Asiye na uso anachuchumaa mbele yake, kama mtu anayetaka kumfunga mtoto kamba za viatu. Anasema, nitakuuliza moja, ukilijua utapita. Yuko juani na yuko mfukoni, anafanya kazi na amelazwa, na ukimweka mezani ndipo anasimama salama, nani huyo? Siwema anasema ni kivuli. Hapana, na barabara inajikunja kulia. Anasema ni mwanangu. Hapana, mwanao yuko kwa bibi yake anatafuna kijiko, na barabara inajikunja kushoto, na mji wa vioo unabaki nyuma ukiendelea kucheka peke yake. Halafu barabara inanyooka, inanyooka moja kwa moja kama uzi uliovutwa, inapanda nundu, na Siwema anaijua nundu ile. Anajikokota kwa magoti na mkono mmoja. Juu ya nundu anaona, mbali, gari la manjano dogo kama kiberiti, na kando yake mzee ameinama, mgongo umeelekea mashariki, masikio yamefunikwa, anaokota manyoya ya mwewe unyoya mmoja mmoja, kwa sababu upepo umeyatawanya na yeye si mtu wa kuacha unyoya barabarani. Nyuma ya mzee, chini mawinguni, taa mbili zimewaka.

Mnara, tuko maili tatu, barabara ni tupu?

Siwema anajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Anauma nyama ya kidole gumba. Neno linasukuma kwa ndani kama chungu kinachotaka kufurika, naye analizuia, na taa zile mbili zinakuwa kubwa. Anapoweza kuachia mdomo anaita, Mzee Mbaruku, na hakitoki kitu. Anataka kukimbia na mfuko hautaki, umekwama kwenye lami kama nanga. Asiye na uso anamwinamia sikioni, na safari hii ana sauti ya Lugano, ya utani, ya kumhurumia. Vua sweta, dada. Iache hapo na uzito wake, utakuwa mwepesi, utakwenda zako. Siwema anavua mkono wa kushoto. Ni kweli, nusu yake imekuwa nyepesi kama karatasi, na upepo unaanza kumwinua, na akivua wa kulia atapaa, atauona mji na barabara na mzee kutoka juu, vitu vidogo visivyomhusu. Ameshika ukingo wa mkono wa kulia. Ndipo anajiuliza, kwa utaratibu, kama anavyojiuliza akikagua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia majini, hivi humu mna nini? Na anaingiza mkono. Anagusa pembe nne. Anagusa upande uliolainishwa kwa msasa na upande ambao msasa haukufika vizuri, na kile kijishimo ambapo kisu kilimteleza Mzee Mbaruku, akasema kiache, ndiyo alama yake. Anakifumbata. Na kikishafumbatwa hakina uzito wowote. Anakimbia, lami inakimbia naye, anafika, ananyoosha mkono, anamgusa mzee begani, na mzee anageuka, na

Siwema amekaa kitako juu ya kigodoro, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto wa sweta umevuliwa na unaning'inia, na kibao kimo ndani ya ngumi yake. Hafikirii. Viatu anaviacha vilivyopangwa. Ngazi anazipanda bila kuzihesabu. Juu, Lugano yuko kitini, amekwisha kuiruhusu ndege kubwa itue, anakoroga chai, na huko mashariki taa mbili zinatetemeka ndani ya joto. Siwema hana pumzi ya maelezo. Anaukamata mkono wa Lugano ulioshika kijiko, anaufungua, anatia kibao kwenye kiganja chake.

Barabara ina mtu.

Lugano haulizi mtu gani. Vidole vinajifunga vyenyewe, miaka yote vinajifunga hivyo, na kabla macho hayajaona kilichomo, mdomo umeshaiambia ndege kwa sauti ya kawaida kabisa, acha kutua, panda juu, rudia. Wanaona tumbo la ndege likitokeza juu ya nundu, magurudumu yanakunjwa, vioo vya mnara vinatikisika. Na palepale Siwema anaona cheupe pembeni, mbawa fupi. Ndege ya madaktari imekwisha kuanza kuja nyuma ya kubwa, na sasa kubwa, badala ya kuwa chini, inapanda kuielekea. Ile pembe ya vioo viwili. Anakamata kipaza sauti cha pili, anaiambia geuka kushoto sasa hivi, usipande, ndege iko mbele yako upande wa kulia, na rubani wa madaktari hapotezi muda kujibu, ubawa unalala, na ndege mbili zinapishana kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja akivuta nguo zake.

Chai imemwagika juu ya vikaratasi. Lugano anakilaza kibao mezani, mahali pake, kwa mikono miwili, na anasema pole pole, dada Siwema, hii lazima tuiandike. Siwema anasema tutaiandika, na mfuko ni wangu, nitauandika mimi. Wanangoja. Baada ya muda mrefu gari la manjano linatokeza juu ya nundu, linakuja kwa mwendo wake ule ule wa kubeba mayai, linatoka barabarani, linasimama chini ya mnara. Hatua zinapanda ngazi. Mzee Mbaruku anaingia na mfuko wa nailoni wenye mwewe, anaegemea kioo kikubwa cha magharibi kupumzisha magoti, na hana ugomvi na mtu. Anasimulia kwamba alikuwa anaokota manyoya, akaguswa bega, akageuka, hakuna mtu, ila kwa kugeuka ndipo alipoziona taa, akajitupa kwenye majani. Nilidhani ni wewe, mwanangu, anamwambia Siwema. Ulikuwa mkono wa sweta ya kijani, mtupu, hauna mtu ndani. Lugano anautazama ule mkono wa sweta unaoning'inia.

Redio inaita. Ni ndege kubwa, imezunguka, rubani ana sauti ile ile iliyopoa, iliyochoka. Mnara, tuko maili kumi. Lugano anavua visikilizio, anampa Siwema, anamwambia dada, hii ichukue wewe. Siwema anakaa. Kibao amekwisha kukiondoa penye barabara, kiko pembeni, anakiona. Mfuko ameupapasa mara mbili, hauna kitu. Barabara ameikagua kwa darubini mpaka kwenye nundu, na nundu ni nundu, haiangaliki zaidi ya hapo. Mzee yuko hapa, nyuma yake, anamsikia akipumua. Anageuka kumwangalia ili moyo utulie, na Mzee ameegemea kioo, na jua lote la mchana liko nyuma yake, na mahali pa uso wake pana mwanga mtupu, laini, hamna kitu.

Mnara, tuko maili sita.

Kama ameamka, Mzee yuko hapa na barabara haina mtu. Kama bado yuko chini kwenye kigodoro, basi Mzee yuko kule ameinama, na huyu aliyesimama hapa ni yule asiye na uso. Anajaribu kukumbuka alipanda ngazi ngapi, na hakuzihesabu. Nje, ndege ya madaktari inazunguka kusini, mbawa fupi, bila mlio.

Mnara, tuko maili tatu, barabara ni tupu?

Siwema anasimama. Waya wa visikilizio unamvuta, anauacha umvute. Ananyoosha mkono, jambo ambalo binti hamfanyii mtu wa umri wa baba yake, na anakiweka kiganja kwenye ule mwanga. Ndevu zinamchoma, ngumu, za siku mbili. Anapata pua. Anapata kovu la nyusi. Jicho linapepesa chini ya kidole chake kama mdudu aliyeshikwa. Mzee Mbaruku anasema, mama we, unanipima homa? Na mdomo unaosema hivyo unamtekenya kiganjani, na ni mdomo.

Barabara ni tupu, anasema Siwema, tueni.

Ndege inashuka. Inapita kimo cha paa la nyumba, haishtuki, inapotelea nyuma ya nundu, na mnara wote unangoja, kisha inatokeza upande wa huku, chini, iko chini, magurudumu yanabiringika juu ya lami inayocheza kama maji, bila sauti. Kioo cha mnara ni kinene, siku zote husikii ndege ikitua. Siwema anajua hivyo. Hata hivyo kiganja chake bado kiko usoni kwa Mzee Mbaruku, hakiondoi, na ametega sikio, anangoja kusikia mlio, ule ambao ndege za mji wa vioo hazikuwa nao.